Mbukwa

Niliiandika usiku mmoja wa Agosti, Nkuhungu,
upepo ukitikisa bati kama mdai aliyechoka kubisha hodi,
kwa lugha yenye jina la chatu:
mistari arobaini na mmoja
ya kumeza kila ujumbe unaoingia
na kutema jibu.

Maana wanunuzi huuliza usiku.
Wa Morogoro, wa Arusha,
mmoja wa Kahama asiyelala wala asiyenunua:
Bei? Kreti ngapi? Nyekundu au nyeupe?
Nami vidole ninavyo kumi tu,
na msimu wa kuvuna vyote vinanata.

Basi: ikiwa ujumbe una "bei", jibu bei.
Ikiwa una "kreti", hesabu zilizobaki, ndipo ujibu.
Na ikiwa una "mbukwa", jibu "mbukwa",
kwa kuwa baba alikuwa akisema
salamu ya mtu hailali ndani mwako,
irudishe kabla jivu halijapoa.
Ngoja sekunde mbili, nikaongeza,
ili wadhani kuna mtu.

Kaka yangu Chidawali nilimpa ileile,
kwenye flashi, mwaka juzi,
kwa ajili ya biashara yake ya miche.
Nilibadilisha jina na namba, basi.
Hiyo ni kabla ya mistari mingine, saba,
ya mizabibu ya Mpunguzi, upande wa tangi,
aliyoiuza nikasikia kwa muuza mbolea.

Tangu hapo, kimya.
Hata msibani kwa shangazi, Chamwino,
alinisogezea sinia la ubwabwa
kama anayelisha ng'ombe wa jirani.

Jana alfajiri niliikuta kompyuta ina moto
kama kikaango kilichosahauliwa.
Akaunti imefungwa kwa siku nzima:
shughuli isiyo ya kawaida.
Nikafungua kumbukumbu.

Mbukwa.
Mbukwa.
Mbukwa.
Mbukwa.

Elfu kumi na tatu na mia tano na ushee,
kila sekunde mbili, usiku kucha,
yangu kwa yake, yake kwa yangu,
mashine mbili zenye adabu
zimeng'ang'ania mlangoni,
hakuna inayokubali kuwa ya mwisho.

Nilicheka peke yangu hadi nikakaa juu ya ndoo.
Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza:
kitanzi kisicho na mlango wa kutokea.
Nikaenda kuchemsha chai.
Maji hayajachemka, nikarudi mbio.

Yangu haianzi.
Yake haianzi. Naijua, nimeiandika mimi.
Inajibu tu,
kama mtoto wa watu aliyefunzwa nyumbani.
Sasa nani alianza?

Nikapandisha juu, juu,
kidole kikaingia ganzi,
nikavuka usiku wote kinyumenyume
hadi saa tatu na dakika arobaini.
Namba yake.
"mbukwaa".

A mbili.
Mashine haikosei hivyo.
Hicho ni kidole gumba, kipana, chenye kovu la mkasi,
kilichoganda juu ya herufi
kikisita kutuma.

Na mimi nilikuwa nimelala.
Nilimjibu mara elfu sita nikiwa nimelala.

Leo jioni wamenifungulia.
Nikaufuta ule mstari, ikabaki arobaini.
Wa Kahama kauliza bei. Akapewa bei.
Kisha nikaandika mwenyewe, kwa mkono,
mbukwa,
nikatuma kabla sijakumbuka ile mizabibu.

Nikahesabu.
Moja.
Mbili.

Tatu. Nne.
Upepo umerudi kwenye bati.
Dakika imepita, hakuna jibu,
na sijawahi kuufurahia ukimya wa mtu
namna hii.